Mhariri anataka "pande zote": jibu kwa mtangazaji wa Tabora

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii mkoani Tabora. Niliandaa kipindi kuhusu madhara ya sigara, mhariri akakirudisha akisema hakina mizania, nikatafute na upande wa pili. Wiki hiyohiyo tulirusha habari ya kampuni ya tumbaku kukabidhi madawati kwa shule ya msingi, na hapo hakuna aliyeuliza upande wa pili. Mwenzangu ananiambia nisijisumbue: watu huacha sigara ikipanda bei au serikali ikikataza, si kwa kusikiliza redio. Je, ni kweli habari zetu zinabadili chochote katika namna watu wanavyoiona sigara?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mwenzako kabla sijamfikia mhariri, maana ana hoja. Bei hupunguza uvutaji, hasa kwa vijana na wenye kipato kidogo wanaonunua sigara mojamoja dukani. Katazo la kuvuta ndani ya mabasi na ofisi nalo linafanya kazi. Ila muulize hiyo kodi ilipitaje bungeni. Mbunge hainui mkono kupandisha kodi ya kitu ambacho jimboni kwake kinaonekana ni starehe ya mzee anayepumzika baada ya kazi. Na katazo la ndani ya basi halisimamiwi na polisi, linasimamiwa na abiria anayethubutu kusema "kaka, zima hiyo". Zamani abiria huyo ndiye angeonekana hana adabu. Kuna mtazamo uliogeuka kabla ya sheria au sambamba nayo, na habari zilikuwa na mkono humo.

Mkono wenyewe si ule unaodhaniwa. Hakuna anayesikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku kisha akatupa pakiti dirishani. Kazi ya habari ni kuamua sigara ni jambo la namna gani: hiari ya mtu mzima, ubishi wa wataalamu, ulaghai wa kampuni, hewa ya watu wengine, au zao linalosomesha watoto. Ukishachagua mojawapo, umeshamchagua na wa kulaumiwa.

Nitakupeleka Marekani kwa muda, kwa sababu huko kampuni za sigara zililazimishwa na kesi za miaka ya 1990 kufungua makabati yao. Mamilioni ya kurasa za barua na mihtasari ya vikao sasa yanasomwa na yeyote anayetaka. Kwa hiyo tunajua walichokifanya waandishi, na pia namna walivyofanyiwa kazi.

Mambo hayakuanzia kwenye saratani. Mwaka 1929, Jumapili ya Pasaka, wanawake walijitokeza kwenye maandamano ya sikukuu katika barabara ya Fifth Avenue mjini New York wakawasha sigara hadharani, jambo ambalo mwanamke wa heshima hakulifanya barabarani. Magazeti yaliripoti kana kwamba ni wanawake wanaodai haki yao. Ukweli ni kwamba tukio lilipangwa na Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma aliyekuwa analipwa na kampuni ya American Tobacco, wenye sigara za Lucky Strike. Wanahistoria wengine wanasema Bernays alilikuza tukio lile katika simulizi zake za baadaye, na mimi naelekea kukubaliana nao. Lakini mbinu ile imebaki hadi leo: ukitaka watu waamini, usinunue tangazo, tengeneza tukio ambalo mwandishi atakuja kulipiga picha mwenyewe. Yakumbuke madawati yako, tutayarudia.

Sasa ile mizania ya mhariri. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Mwaka 1950 tafiti mbili kubwa, moja ya Wynder na Graham huko Marekani na nyingine ya Doll na Hill huko Uingereza, zilionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji kwa kiwango kisichoweza kuelezwa kwa bahati. Desemba 1952 jarida la Reader's Digest, lililosomwa majumbani na lisilochapisha matangazo ya sigara, liliwapelekea wasomaji wake habari hizo kwa lugha nyepesi. Mwishoni mwa 1953 yakaja majaribio ya panya waliopakwa lami ya moshi wa sigara mgongoni wakaota uvimbe wa saratani. Magazeti yakayachukua, na hisa za kampuni za sigara zikayumba.

Desemba 1953 wakuu wa kampuni hizo walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakaajiri kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill & Knowlton. Ushauri waliopewa ulikuwa wa akili nyingi: msiwapinge wanasayansi moja kwa moja, daini kwamba utafiti bado haujatosha. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo lao la ukurasa mzima lilitoka katika magazeti zaidi ya 400. Lilisema afya za wateja wao wanaiweka mbele ya kila kitu, kwamba hakuna uthibitisho kuwa sigara ni chanzo cha saratani ya mapafu, na kwamba wanaunda kamati ya kuchunguza jambo hilo. Mkuu wa kisayansi wa kamati akawa Clarence Cook Little, mtaalamu wa jenetiki mwenye jina.

Kuanzia hapo kila utafiti mpya ulipotoka, mwandishi alikuwa na namba ya simu ya kupiga ili apate "upande wa pili". Mwaka 1955 Edward R. Murrow, mtangazaji aliyeheshimika kuliko wote nchini humo, alitengeneza vipindi viwili vya televisheni kuhusu sigara na saratani. Watu wa kampuni walikutana na timu yake mapema kusisitiza mizania, na mizania wakaipata, maana Little naye alipewa nafasi ya kuzungumza. Murrow mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 57.

Simlaumu sana Murrow. Mwandishi aliyelelewa kwenye habari za siasa huuchukulia ubishi wa kitaalamu kama mechi ya Simba na Yanga: kila timu ipewe dakika zake na mtangazaji asivae jezi. Kwenye siasa hilo lina maana, kwa kuwa hakuna kipimo cha maabara kinachosema chama kipi ni sahihi. Kwenye chanzo cha ugonjwa kipimo kipo. Ukiwaweka mezani mtu anayewakilisha tafiti nyingi na mtu anayelipwa kuzitilia shaka, ukawapa dakika tano tano, msikilizaji wa nyumbani anaondoka na jambo moja tu: wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Na mvutaji ambaye kuacha kunamtisha hahitaji zaidi ya hapo. Waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson wa mwaka 1969 ulisema wazi: "Shaka ndiyo bidhaa yetu."

Je, watu walibadilika? Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1958 ilikuta asilimia 44 ya Wamarekani wanaamini sigara inasababisha saratani. Mwaka 1968 walikuwa asilimia 78. Katikati ya miaka hiyo kuna tarehe 11 Januari 1964, siku Daktari Mkuu wa Serikali, Luther Terry, alipotoa ripoti ya kamati yake kuhusu sigara na afya. Aliitoa siku ya Jumamosi kwa makusudi: soko la hisa lilikuwa limefungwa, na magazeti ya Jumapili, yenye wasomaji wengi kuliko siku nyingine, yalikuwa yanasubiri. Ripoti ile haikuwa na ugunduzi mpya. Ilikusanya yaliyokwisha kujulikana, ikayatia muhuri wa serikali, na kwa muda mwandishi hakuwa na haja ya kupiga ile simu.

Lakini angalia pia ugumu wake. Mwaka 1965, baada ya kelele zote hizo, zaidi ya asilimia 42 ya watu wazima wa Marekani walikuwa bado wanavuta. Kuamini kulikwenda haraka kuliko kuacha. Watafiti John Pierce na Elizabeth Gilpin walilinganisha wingi wa habari za sigara na afya katika majarida ya miongo kadhaa na mwenendo wa uvutaji. Katika utafiti wao wa 2001 waliona kwamba habari zilipoongezeka, wavutaji walioacha nao waliongezeka. Wanaoanza hawakuguswa. Ukifikiri, ni jambo la kawaida kabisa. Mtu wa miaka 45 mwenye kikohozi cha asubuhi anajiona ndani ya habari ya saratani. Kijana wa miaka 16 anasikia habari ya mtu mwingine, mzee, wa siku nyingine. Yeye sigara anaisoma kwa marafiki, kwenye filamu na kwa yule mwanamuziki anayempenda. Kwa hiyo mwenzako akisema redio haimzuii kijana kuanza, mpe nusu ya ushindi. Nusu nyingine ni ya baba yake huyo kijana.

Upande mwingine wa habari ni ukimya, na huu ni mgumu kuuona kwa sababu hakuna cha kukata na kuhifadhi. Matangazo ya sigara yalipoondolewa kwenye redio na televisheni za Marekani mwanzoni mwa Januari 1971, fedha zilihamia kwenye magazeti na majarida. (Kampuni hazikupigana sana kulizuia katazo lile. Tangu 1967 vituo vilikuwa vinalazimika kurusha pia ujumbe wa kupinga sigara, na ujumbe huo ulikuwa unaumiza. Matangazo yao yalipotoka, ujumbe ule nao ukakosa sababu ya kurushwa bure.) Mwaka 1992 Kenneth Warner na wenzake walichapisha uchunguzi wa majarida 99 kwa muda wa takribani miaka 25. Jarida lisilochukua matangazo ya sigara lilikuwa na uwezekano wa asilimia 11.9 wa kuandika makala ya hatari za sigara katika mwaka husika, na lililochukua, asilimia 8.3. Kwenye majarida ya wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi, katika miongo ileile ambayo saratani ya mapafu ilikuwa inapanda kwa wanawake. Si lazima mwenye tangazo apige simu kutishia. Mhariri anajua bili ya karatasi inalipwa na nani, naye anagundua tu kwamba wiki hii makala ya vipodozi inavutia zaidi.

Wakati mwingine, hata hivyo, vitisho vilikuwa wazi. Mwaka 1994 televisheni ya ABC ilirusha habari kwamba kampuni zinacheza na kiwango cha nikotini ndani ya sigara. Kampuni ya sigara ya Philip Morris ikadai fidia ya dola bilioni 10, na mwaka uliofuata ABC ikaomba radhi. Miezi michache baadaye televisheni ya CBS ikayazuia mahojiano yake na Jeffrey Wigand, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu wa utafiti katika Brown & Williamson. Mwenyekiti wa CBS wakati huo alikuwa Laurence Tisch, ambaye familia yake ilidhibiti kampuni ya Loews iliyomiliki kiwanda cha sigara cha Lorillard. Mahojiano kamili yalirushwa tarehe 4 Februari 1996, baada ya gazeti la Wall Street Journal kuchapisha ushahidi wa Wigand.

Na hapo ndipo mtazamo ulipogeuka mara ya pili, kwa maoni yangu kwa nguvu kuliko mwaka 1964. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni za sigara walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, na kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini ina uraibu. Picha ya mikono saba iliyoinuliwa ilizunguka dunia. Wiki chache baadaye New York Times ikaanza kuchapisha nyaraka za ndani zilizoonyesha kwamba kampuni zilijua tangu zamani. Mpaka hapo habari ya sigara ilikuwa ya mvutaji: mjinga, mkaidi, asiyejipenda. Sasa ikawa ya kampuni iliyojua na kuficha. Baraza la wazee wa mahakama, lililokuwa kwa miaka likiwaambia wagonjwa "ulijitakia", likaanza kuwaangalia kwa jicho jingine, na mwaka 1998 kampuni zikasaini makubaliano na majimbo 46 kulipa zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25.

Moshi wa sigara ya mwenzako ulifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha, katika wake zaidi ya 90,000 wasiovuta, kwamba walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Chama cha kampuni za sigara huko Marekani kikalipia matangazo magazetini kumpinga. Gail Kennedy na Lisa Bero walipopitia magazeti na majarida ya Amerika Kaskazini kuanzia 1981 hadi 1994, waliona zaidi ya nusu ya habari ziliendelea kusema suala hilo lina utata. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wahudumu wa baa na wa ndege walikuwa wanaendelea kuvuta moshi wa watu wengine.

Turudi Tabora, mwanangu. Kwenu habari ya tumbaku ina umbo lake, na nadhani mhariri wako amelizoea kiasi kwamba halioni tena. Tumbaku inaingia kwenye taarifa kama zao: masoko yamefunguliwa, bei ya kilo ni dola kadhaa, vyama vya msingi vinadai, pembejeo zimechelewa. Sigara inaingia siku moja kwa mwaka, 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, kupitia kwa daktari wa hospitali ya mkoa. Mambo haya mawili hayakutani kamwe katika habari moja, kana kwamba jani linalouzwa Urambo na sigara inayomuua mtu Dar es Salaam ni mimea tofauti. Hata mkulima mwenyewe, ambaye jina lake linatumiwa kila mtu anapotaka kuitetea tumbaku, habari haimfikii kwa lililo lake. Anayevuna majani yaliyolowa umande hupata kizunguzungu na kutapika kwa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Kuni za mabani ya kukaushia zinatoka kwenye miombo ileile inayolisha nyuki wenu. Vyote hivyo ni habari.

Kwa hiyo mhariri akitaka pande zote, mpe pande zote pale ambapo zipo kweli. Je, mkulima wa Urambo akiacha tumbaku alime nini, na nani atamnunulia kwa uhakika? Hapo watu wenye akili na nia njema wanatofautiana, na kipindi kisichomsikiliza mkulima huyo kina kasoro. Kodi ya sigara ipande kwa kiasi gani, magendo yadhibitiweje, vifuko vya nikotini na sigara za kielektroniki viwekewe sheria ipi: hayo nayo yana mjadala halali. Lakini kwamba sigara inaua, na kwamba inaweza kuua hadi nusu ya wanaoendelea kuivuta, halina upande wa pili wa kutafutiwa. Ukimtafuta, utampata, na utakuwa unafanya kazi ambayo Hill & Knowlton walilipwa kuifanya.

Jambo jingine la kumuuliza mhariri ni mizania ya madawati. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Miongozo ya utekelezaji wa kifungu cha 13 cha mkataba huo inazihesabu hisani za kampuni za tumbaku zinazotangazwa kuwa ni ufadhili, yaani aina ya matangazo, na inazitaka nchi wanachama zizizuie. Sheria za nchi zetu hazijafika huko kwa kiwango kimoja. Lakini wewe hungoji sheria ili uulize maswali. Katika nchi nyingi tangazo la sigara limebanwa, kwa hiyo hafla ya kukabidhi madawati ni moja ya milango michache iliyobaki ya jina la kampuni kutajwa kwa wema redioni, bila kulipia dakika hata moja.

Vyombo vya habari vinaweza kwenda mbali zaidi ya hafla. Mwaka 2015 kipindi cha Panorama cha BBC kilirusha tuhuma za aliyekuwa mfanyakazi wa British American Tobacco kwamba kampuni ililipa rushwa kwa watu wakiwamo maofisa wa Burundi, Rwanda na Komoro. Kampuni ilikanusha, na mamlaka ya Uingereza ya kuchunguza makosa makubwa ya ulaghai ilifunga uchunguzi wake Januari 2021 bila kufungua mashtaka. Sisemi hivyo kumtia mtu hatiani. Nasema kwamba kwa mara moja sigara katika ukanda wetu iliripotiwa kama suala la nani anaandika sheria, na siyo la nani hana nidhamu ya kuacha. Kenya nao walilijua hilo mahakamani: kanuni za udhibiti za 2014 zilipingwa na tawi la kampuni hiyo hadi Mahakama ya Juu, iliyoitupa rufaa mwaka 2019, na kila hatua ya kesi ilikuwa na habari ndani yake kwa mwandishi aliyekuwa tayari kusoma hukumu badala ya kusubiri taarifa kwa vyombo vya habari.

Tahadhari moja tu kwa kipindi chako chenyewe. Usimgeuze mvutaji kuwa kichekesho. Mtu akiaibishwa sana anavuta chooni na kumficha daktari. Mweke hewani mmoja aliyejaribu kuacha ikamshinda, aeleze nikotini inavyomrudisha, kisha mweke aliyefanikiwa. Habari huwafikia wale walio karibu kuacha, kama utafiti wa Pierce na Gilpin unavyoashiria.

Madawati yakija tena, nenda. Hesabu ni mangapi, uliza yamegharimu kiasi gani, waandishi walialikwa wangapi na posho yao imetoka wapi. Halafu muulize mwalimu mkuu kama watoto wake huchelewa shule msimu wa kufunga tumbaku. Na kipindi kilichorudishwa kipeleke tena, safari hii akiwamo mkulima na daktari katika saa moja, na uombe kisirushwe 31 Mei peke yake. Siku hiyo huangukia ndani ya msimu wa masoko. Omba nafasi ya jioni ile ambayo wakulima wametoka kuuza, redio zikiwa wazi wakisubiri bei za kesho.